Mume wangu amelipia safari ya meli kwenda kwenye barafu za Alaska, nami tangu 2012 sijapanda chombo

Assalaam alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Unguja. Huu ni mwaka wa kumi na moja naishi pembezoni mwa Seattle, Marekani, na mume wangu na kijana wetu wa miaka 17. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba wanamolelewa. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, anaendesha teksi ya uwanja wa ndege.

Hapa kwetu, kuanzia mwisho wa mwezi wa nne mpaka wa kumi, meli kubwa za kitalii huondoka kwenda Alaska. Miezi hiyo abiria wengi wa mume wangu ni watu walioshuka kwenye ndege na wanataka kufikishwa gati namba 91. Anawapakilia masanduku, anawashusha, anageuza gari. Wale wanaorudi baada ya siku saba ndio wanaomharibu kichwa. Njia nzima wanamsimulia mito ya barafu inayoshuka mlimani mpaka baharini, nyangumi, dubu wanaovua samaki. Akifika nyumbani ananisimulia mimi kwenye sahani ya wali kana kwamba alikuwako. Nilikuwa namwita baharia wa nchi kavu, tunacheka.

Mwaka huu ametimiza miaka 50. Usiku mmoja aliniwekea karatasi mezani. Bi Mshauri, kumbe miaka mitatu amekuwa akitia bakshishi zake kwenye kopo la kahawa, na sasa amelipa arbuni: siku saba, mimi na yeye, mwezi wa sita, kutoka Seattle kwenda Juneau, Glacier Bay, Sitka, Ketchikan, na kurudi kupitia Victoria upande wa Kanada. Chumba chenye roshani, juu ya maji. Akaniambia, "Miaka kumi nabeba masanduku ya watu. Safari hii na langu libebwe." Nilinyamaza. Yeye akadhani furaha imenizidi.

Sasa nikueleze nilichonyamazia.

Mwaka 2012, mwezi wa saba, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, mdogo wangu alikuwa anarudi Unguja kutoka Dar. Alikuwa na miaka 19, akiuza viatu vya mitumba Kariakoo. Alinipigia simu akiwa bandarini kuniuliza birika la futari analoniletea nalitaka la rangi gani. Nilikuwa na mikono ya unga, nikamjibu kwa haraka, "Lolote, wewe njoo tu." Boti ile ilizama mchana, karibu na Chumbe. Sitaitaja jina, wenyewe mnaijua. Tulishinda na kukesha bandarini Malindi, kila mwili ukiletwa tunasogea kutazama. Wake haukuja. Mpaka leo hana kaburi. Mume wangu wakati ule alikuwa ameshatangulia huku Marekani. Alipiga simu, akalia na mimi, akatuma pesa za khitma. Nilipomfuata huku hatukulizungumza tena. Nadhani kwake yeye yamepita.

Tangu siku ile sijapanda chombo. Nilipoondoka Unguja nilikwenda Dar kwa ndege. Hapa Seattle watu wanapanda boti kama daladala, lakini mimi nikialikwa shughuli Bremerton nazunguka kwa gari mpaka Tacoma, navuka daraja, nasema foleni ya boti inanichosha. Mume wangu hakuwahi kuuliza. Ni dereva, anapenda barabara.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Boti ile, kabla ya kuuzwa na kuletwa kwetu, ilikuwa ikivusha watu hapahapa Seattle. Sikuwa nalijua. Aliyeniambia ni bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88. Nilikuwa namkata kucha, akaniuliza kwetu wapi, nikasema Zanzibar. Alitulia kidogo, akasema, "Boti yangu ya kwendea kazini ilifia huko kwenu." Anakumbuka hata kiti alichokuwa akikaa, cha dirishani. Nilimaliza kumkata kucha, nikaenda chooni nikafungulia bomba ili asinisikie.

Kwa hiyo mume wangu nimempa sababu nyingine. Nimemwambia kazini hawatanipa ruhusa. Nimemwambia nyama yao siijui. Nimemwambia baridi itanitia kifua. Nimemwambia bati la nyumba ya mama linavuja, tutakwendaje kustarehe juu ya maji na mama kule anahamisha beseni usiku. La bati ni kweli, na dada yangu amelishikia bango: "Mnalipa pesa kwenda kutazama barafu? Si mfungue friji?" Mume wangu kila sababu anaitafutia dawa. Ruhusa, kasema nimuachie bosi wangu azungumze naye. Bati, kasema litaezekwa mwezi wa nane. Kuhusu meli yenyewe ananitania tu, "Titanic ilikuwa zamani."

Salio lote linatakiwa mwisho wa mwezi huu. Siku hiyo ikipita, tukijitoa tunakatwa.

Nifanye nini? Nimwambie ukweli nimvunjie furaha ya miaka 50? Nijikaze nipande? Au aende na kijana, mimi nibaki? Kila nikifumba macho naiona ile roshani, mimi na yeye na vikombe vya chai, tunastarehe juu ya maji yaliyommeza mdogo wangu.

Mwana wa Unguja

*

Wa alaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Pole sana. Msiba usio na kaburi hauhesabiwi kwa miaka, kwa hiyo mimi sitakuambia ni wa zamani.

Nikiipanga barua yako naona hivi. Mumeo ana ndoto aliyoijenga kwa bakshishi, dola moja moja, na siku ya salio iko mlangoni. Wewe una jambo zito na bahari ambalo hujamwonyesha hata siku moja, na mahali pake umemkabidhi sababu nne: ruhusa, nyama, baridi, bati. Yeye, maskini, ni fundi, akionyeshwa tundu analiziba. Ameshaziba yote manne, na maji yanaingilia la tano ambalo hajaonyeshwa.

Kabla ya kufika kwenye nifanye nini, kuna maneno umeyaandika kana kwamba yana uhakika, na mimi ningependa tuyatikise kidogo.

Umesema kwake yeye yamepita. Umejuaje? Msiba ule yeye aliupata kwa simu. Hakuwako Malindi, hakusogea kutazama. Aliyepata msiba kwa simu mara nyingi hajui aushike wapi, na akimwona mwenye msiba kanyamaza naye hunyamaza, akidhani huko ndiko kumheshimu. Inawezekana nyinyi wawili mmenyamaziana miaka kumi na moja, kila mmoja akimhifadhi mwenzake. Inawezekana pia kweli amesahau, maana watu husahau hata makubwa. Lakini hebu fikiri: boti kutoka Seattle kwenda Bremerton ni saa moja, na mkewe miaka yote anazunguka Tacoma. Dereva wa teksi ambaye hajawahi kujiuliza hesabu ya petroli hiyo mimi sijamwona.

La pili ni hili unaloliita kupanda chombo. Mtu anayeogopa bahari tu huniandikia mawimbi, giza, kuzama. Wewe umeniandikia chai. Neno kustarehe juu ya maji umelitumia mara mbili, mara moja ukimsingizia mama yako na bati lake, na mara ya pili ukilisema lako mwenyewe. Kwa hiyo nahisi hapa yako mambo mawili yamelala kitanda kimoja. Liko la kuogopa, na liko la kuona haya kufurahi mahali ambapo mdogo wako alikata roho. Huenda nimekosea, wewe ndiye ujuaye. Lakini kama nimepatia, yatenganishe, kwa sababu la kwanza lina dawa za kimeli na la pili halina.

Tuanze na la kimeli. Mimi barafu nimeiona kwenye friji, na ile ya Kilimanjaro nikiwa chini Moshi, nayo inazidi kupungua kila mwaka. Kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu, aliyewahi kuwa mpishi kwenye meli za aina hiyo kwa misimu miwili. Nilipomwambia mke wa mtu anaogopa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wanaondokea Seattle au Vancouver?"

Sikuwa najua kwamba inahusu. Kumbe inahusu sana. Meli zinazoondoka Seattle aghalabu hutoka kupitia mlango wa bahari wa Juan de Fuca na kupanda kaskazini kwa nje ya kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki wazi. Usiku wa kwanza na mchana unaofuata huo ndio wenye mawimbi, ukilala huoni taa ya nchi kavu. Zinazoondoka mji wa Vancouver, Kanada, ulio bara, hupita kwa ndani, kati ya kisiwa na bara, halafu zinajipenyeza visiwani karibu njia nzima. Kuna vipande viwili vitatu vilivyo wazi, vilivyobaki ni maji ya mkondoni, msitu huku na msitu huku. Kwa mtu wa hali yako, tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti ya meli na meli. Arbuni ya Seattle kuihamishia safari ya Vancouver huenda ikawezekana kabla ya salio, lakini lazima mwulize wakala sasa.

Chumba nacho. Roshani ya juu ndiyo inayoyumba zaidi. Wenye kulewa bahari huambiwa wachukue chumba cha katikati ya meli na cha chini. Kwa kutazama barafu roshani si lazima, kwa sababu siku ya barafu watu wote wanapanda deki, meli inakwenda polepole na kuzunguka ili kila upande uone. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni nafuu zaidi, na nafuu hiyo pengine inaezeka bati. Lakini kwako kisicho na dirisha kinaweza kuwa kitu kibaya kuliko roshani. Mpwa wangu anasema wapo wasioweza kulala bila kuona nje. Hilo ulipime mwenyewe.

Kuhusu usalama, mumeo anakutania kwa Titanic, na utani huo una ukweli wake. Ile ilizama 1912, na mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ukaandikwa 1914 kwa sababu yake. Leo meli kama hiyo hubeba vyombo vya kuokolea vya kutosha watu wote na ziada. Mwaka 2012, mwaka wenu ule ule, mwezi wa kwanza, meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa ndiyo kwanza wamepanda, hawajafundishwa hata pa kukusanyika. Tangu hapo zoezi la dharura hufanywa kabla ya meli kuondoka au papo hapo inapoondoka. Nalitaja zoezi hili kwa sababu ndilo litakalokushtua. Saa ya kwanza tu mtaitwa, king'ora kitalia, mtaonyeshwa jaketi la kujiokolea linavyofungwa. Wengine wote watakuwa wanapiga picha. Usikutane nalo ghafla.

Sikuambii hakuna hatari. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti 2025 ubavu wa mlima uliporomoka kwenye hori la Tracy Arm, kusini ya Juneau, na maji yakarushwa mamia ya mita juu ya ukuta wa upande wa pili. Hakufa mtu. Barafu inaporudi nyuma, mlima iliokuwa imeuegemea hubaki bila mhimili. Ratiba uliyonitajia haina Tracy Arm, ina Glacier Bay. Lakini nisingetaka uje kulisikia hili mezani kwa abiria mwenzako, ukaona Bi Mshauri kakuficha.

Na kwa kuwa tumefika Glacier Bay, niruhusu nitoke njiani kidogo. Nilikuwa nadhani ni mahali pa picha tu. Zinaruhusiwa meli kubwa mbili kwa siku, hazifungi gati, walinzi wa hifadhi wanapanda na kueleza, watu wanatazama, meli inageuka. Kumbe mnamo 1750 ghuba yote ile ilikuwa imejaa barafu. Kabla ya hapo palikuwa na watu, Watlingit wa Huna, wenye vijiji vyao na mito yao ya samaki, na barafu ikawajia mpaka ikawafukuza. Wakahamia ng'ambo, Hoonah. Baadaye barafu ikarudi nyuma haraka mno, hata leo meli husafiri takriban kilomita 100 kutoka mdomoni mwa ghuba kufika inapoishia. Mwaka 2016 watu wale walifungua nyumba yao ya ukoo, ya mbao za kuchonga, palepale pwani ya ghuba, baada ya zaidi ya miaka 250. Wanakwenda kwa boti. Barafu inapokatika na kuangukia majini hulia kama mzinga, na wao sauti hiyo huiita radi nyeupe. Sikuhadithii ili uende. Nakuhadithia kwa sababu umeandika kana kwamba huko kaskazini ni kwa watu wa likizo tu, wasiopotelewa na kitu.

Sasa njia zako, na kila moja ina mwiba.

Ya kujikaza na kupanda kimya kimya naielewa. Wanawake wa pwani tumefundwa hivyo. Lakini siku saba ni nyingi kwa mwili unaotetemeka. Usiku wa kwanza ukikushika, utamwambia nini saa nane za usiku, ni baridi? Hakuna pa kushukia mpaka bandari inayofuata, na Juneau yenyewe, ingawa ni makao makuu ya jimbo, haina barabara ya kutokea kwenda popote, ni ndege au chombo. Halafu yeye atajiona ndiye aliyekuburuta. Wapo waliojikaza na wakashukuru, siwakatai. Ila wengi wao alikuwepo mtu mmoja anayejua kinachowatetemesha.

Ya kuzuia safari kwa sababu ya bati inaweza kufaulu, na hapo ndipo ninapoiogopa. Akikubali, atakuwa ameiacha ndoto yake kwa ajili ya mama yako. Hatasema, ila kila ukituma pesa nyumbani kopo la kahawa litakuwa limekaa katikati yenu. Mama hajui hata kwamba jina lake limetumika. Dada yako na mzaha wake wa friji, huyo mwachie, kila familia iliyo na mtu ng'ambo ina mhasibu kama yeye. Lakini mpige simu mumuulize fundi bei halisi ya bati. Huenda ni ndogo kuliko mnavyoogopa, mkaitoa mwezi huu, na sababu hiyo ikasimama au ikaanguka yenyewe.

Ya kumtuma na kijana ina uzuri wake. Kijana wa miaka 17 karibu ataondoka nyumbani, na siku saba na babake hazitarudi. Ila kama utaitoa bila kueleza, mumeo ataipokea kama kukataliwa. Alisema mimi na wewe.

Iko pia ya nchi kavu, ambayo hukuitaja. Kutoka Seattle mpaka Juneau kwa ndege ni saa mbili na nusu au hapo karibu. Mendenhall, mto wa barafu mkubwa, uko kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, unafika kwa basi, unatembea kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji pembeni yake. Barafu ataiona, baridi ataipata, na mvua pia, maana upande ule ni msitu wa mvua na mwavuli ni nguo ya kila siku. Je, hiyo ndiyo anayoitaka? Yeye hakusema nataka kuona barafu. Alisema na langu libebwe. Ukimpelekea pendekezo la ndege bila kumweleza sababu, utakuwa umempa barafu na kumnyang'anya gati namba 91. Ukimweleza, pengine atajibu kitu ambacho mimi na wewe hatukifikirii.

Na ya kumwambia, ambayo naona unaizunguka kama unavyozunguka Tacoma. Unaogopa kumvunjia furaha. Inaweza kutokea. Anaweza kunywea, anaweza hata kukasirika kwa sekunde chache kwamba miaka yote umemficha. Anaweza pia kusema "hebu tuifute" haraka haraka, na ukabaki na deni la shukrani usilolitaka. Ukiamua kusema, chagua saa ambayo karatasi za meli hazipo mezani, na usianze na safari. Anza na birika. Lile la rangi yoyote. Nadhani hajawahi kulisikia.

Wengine katika hali yako hujaribu maji kidogo kidogo. Hapo mjini boti ya Bainbridge ni dakika 35 kwenda, unashuka nchi kavu, unakunywa kitu, unaamua urudi vipi, na kwa gari njia ipo. Nalisema hili kwa uangalifu, kwa sababu ile yenu ilikuwa inavusha watu kwenye maji yale yale, na kwako dakika 35 zinaweza kuwa nzito kuliko Alaska nzima. Ukienda, usiende peke yako, wala usiufanye mtihani ambao mumeo anasubiri matokeo. Na kama mwili utakataa hata kuingia foleni, hiyo nayo ni habari. Iko kazi ambayo mimi kwa barua siiwezi, wako washauri waliosomea msiba na mshtuko wa aina hiyo. Nyumba nyingi za wazee zina mtu wa kuwafariji waliofiwa, waulize wenzako kazini nani huitwa mzee akifariki. Anayewahudumia wao anaweza kukusikiliza na wewe.

Lile la chai sijalisahau. Kwenye dini yetu aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi, na hilo unalijua kuliko nitakavyokuambia. Ninachojiuliza ni kwamba miaka hii yote umekuwa ukimtunza mdogo wako kwa kutokugusa bahari, kwa kuwa kaburi la kutunza hukupewa. Kama ni hivyo, kupanda meli kwako ni sawa na kuambiwa uache kumzuru. Sasa mtu haachi kumzuru maiti wake kwa sababu ya likizo. Anaweza labda kubadilisha namna ya kumzuru. Namna gani, hilo si la mimi kukuchagulia. Huenda ni khitma, huenda ni kumhadithia kijana wako ambaye mjomba wake alizama yeye akiwa mtoto wa miaka mitatu na hamkumbuki, huenda ni kitu cha kufanya ukiwa juu ya maji, huenda ni nchi kavu daima. Hata yule bibi wa miaka 88. Ulifungulia bomba asikusikie, lakini yeye na wewe mna boti moja, naye alilitaja kwanza.

Ya mwisho ni madogo ila yana tarehe. Soma masharti ya kujitoa leo, si wiki ijayo, kwa sababu mara nyingi makato hupanda ngazi kwa ngazi kadiri safari inavyokaribia, na tarehe ya mwisho mkiikosa kwa siku moja hakuna wa kumlilia. Kituo cha Victoria hakikuwekwa kwa mapambo: sheria ya Marekani ya 1886 hairuhusu meli iliyosajiliwa nje kuwazungusha abiria bandari za Marekani peke yake, kwa hiyo lazima iguse nchi nyingine. Kama bado unatumia pasipoti ya Tanzania na kadi ya kijani ya ukaazi wa Marekani, kuingia Kanada hutahitaji viza, lakini vyote viwili viwe havijaisha muda na uwe navyo mkononi. Chakula cha halali kinaombwa mapema, wakati wa kuhifadhi nafasi, na kikikosekana samaki huko ndiyo nyumbani kwao. Mwezi wa sita jua Juneau linachomoza kama saa kumi alfajiri na kuzama kama saa nne usiku, kwa hiyo sala zako zitahitaji kuulizwa kwa wanaojua.

Niandikie, safari iwepo isiwepo. Na barua ikija, niambie mdogo wako alikuwa akiitwa nani. Sitalichapa. Umeniandikia boti, umeniandikia birika, na jina lake hukulitaja.